Ukurasa wa Mwisho wa Inspekta

Walisema sitaweza. Walianza kusema hivyo pale Temeke nikiwa bado navaa kaptula, na wakaendelea kusema hata nilipokwisha kuweza. Kwanza walisema mtoto aliyelelewa na mlinzi wa geti hawezi kuandika kitabu. Nikaandika. Wakasema sawa, ameandika, lakini Ulaya hafiki. Nikafika, nikarudi na stashahada ya uchapaji yenye mhuri mwekundu, ambayo mpaka leo imetundikwa sebuleni mahali ambapo mgeni akikaa lazima aitazame. Ndipo wakahamia kwenye neno lao la mwisho: "Sehemu ya pili hataiweza. Ile ya kwanza alibahatisha."

Nataka kueleza hiyo sehemu ya pili ilivyopatikana, maana watu huisifu bila kujua kwamba mimi mwenyewe sikutaka iwe vile.

Kitabu cha kwanza nilikiandika miaka ya mwanzo baada ya Azimio, nikiwa karani katika ofisi moja ya mizigo Kurasini. Kilikuwa kitabu cha upelelezi: wizi bandarini, maiti ghalani, na wapelelezi wawili, Inspekta mzee na Koplo wake kijana mwenye maneno mengi. Koplo nilimtoa kichwani. Inspekta nilimtoa nyumbani. Baba mdogo, aliyenilea baada ya wazazi wangu kufariki, alikuwa mlinzi bandarini. Alivuta kidogo mguu wa kushoto, alitafuna karafuu kwa sababu ya jino, na kabla ya kufungua mlango wowote, hata wa choo chake mwenyewe, aliuwekea kiganja kwanza kama anayepima homa ya mtoto. Vyote hivyo nikampa Inspekta. Sikuomba ruhusa. Nani anaomba ruhusa ya kumsifu mtu?

Fahari yangu ilikuwa ukurasa wa mwisho. Inspekta anamkuta muuaji kati ya makasha ya bandarini, risasi inalia, anaanguka, na ukurasa wa kabla yake unaishia hapo. Ukifunua karatasi ya mwisho, anakufa. Anakufa polepole, karafuu ikiwa bado chini ya ulimi, na Koplo, kwa mara ya kwanza tangu kitabu kianze, hana la kusema. Nilipoisoma aya ile nilijua kwamba kutoka Temeke hadi Mwananyamala hakuna aliyewahi kuandika kitu kama kile. Nyuma ya karatasi hiyo palikuwa patupu. Mchapaji alitaka kuweka tangazo la sabuni, nikakataa. Nilitaka msomaji akitoka kwenye kifo akutane na weupe.

Kitabu kilitoka wiki ileile niliyopata nafasi ya masomo. Nikamwachia baba mdogo mabunda yote chumbani kwake ili ayauze na kuyagawa taratibu, nikabeba nakala moja tu. Hiyo nayo nilimzawadia mwalimu wangu wa uchapaji huko ugenini. Hakujua neno la Kiswahili, lakini alikiri kwamba jalada lilikuwa zuri.

Niliporudi, nchi nzima ilikuwa kwenye foleni: foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ya khanga. Nilishuka Temeke nimevaa suti, nikitegemea kuulizwa habari za Ulaya. Wa kwanza kukutana naye alikuwa mama mmoja mcheshi, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, aliyefundisha wazee kusoma katika banda la nyuma ya ofisi ya tawi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba! Afadhali umerudi. Haya, amepona?"

"Nani?"

"Nani tena! Inspekta."

Nikacheka. "Inspekta alikufa, mwalimu."

Akanitazama kama anayemtazama mtoto aliyetukana mbele ya wageni. "Alikufa lini? Sie tulimwacha ameanguka tu."

Akaniambia darasa lake lote limekisoma. Wazee walichoka na vijitabu vya mbolea na ufugaji wa kuku, wakajitia kwenye kitabu changu, na walipokimaliza wakakirudia. Sasa kila mmoja alikuwa na maoni yake kuhusu hospitali aliyolazwa Inspekta. Wengi walisema Mwananyamala, kwa kuwa Koplo anakaa huko na atampelekea uji bila shida.

Nilimwomba nakala yake. Kweli, karatasi ya mwisho haikuwemo. Nikaenda kwa kinyozi, akanitolea ya kwake. Haikuwemo. Nikaazima nyingine kwa jirani, nayo hivyohivyo. Basi nikasimama kwenye baraza la kinyozi, nikatoa hukumu ya kitaalamu: gundi mbovu. Niliwaeleza joto la pwani linavyoilegeza gundi, na kwamba karatasi ya mwisho ndiyo hubanduka kwanza. Watu walinisikiliza kwa heshima. Lakini sikutazama vizuri. Pale karatasi ilipotoka, ukingo ulikuwa umenyooka kama umepigwa rula, na gundi, hata asiye na stashahada anajua, hainyooshi mstari.

Nikabaki mtu pekee katika jiji zima anayejua kwamba Inspekta amekufa. Muswada wangu mchapaji alikuwa ameshaupoteza. Ushahidi sikuwa nao. Kila nilipowaambia watu ukweli, walinihurumia.

"Wewe ulikuwa Ulaya," kinyozi akaniambia. "Ya hapa utayajuaje?"

"Lakini mimi ndiye niliyekiandika!"

"Ndiyo. Ukaandika, ukaondoka."

Na mimi nilikuwa nimerudi na mpango. Katika baridi yote ile ya ugenini nilikuwa nimeupanga: Koplo peke yake, bila mkubwa wake, anamsaka aliyemuua Inspekta. Kijana mropokaji anafunzwa kunyamaza na msiba. Nilikuwa na sentensi ya kwanza na sentensi ya mwisho. Ulikuwa mpango mzuri. Bado nasema ulikuwa mzuri.

Nilipoupeleka kwa mchapaji, hata hakuniuliza hadithi inahusu nini. "Mashine ninayo," akasema, "wino nitahangaika nao. Karatasi lete mwenyewe."

Karatasi siku zile haikununuliwa, ilitafutwa. Nikaanza kukopa. Mwalimu wa kisomo alinitolea rimu za karatasi ya kudurufu alizokuwa amezitunza chini ya kitanda kama mahari ya binti. Fundi mmoja wa vinyago kule Mwananyamala, mtu aliyetoka kusini na patasi zake tu, alinipa mabaki ya karatasi za gazeti aliyokuwa akifungia vinyago vyake. Karani mwenzangu wa zamani wa Kurasini alinipa fomu za mizigo zilizopitwa na wakati, upande mmoja mtupu. Wote niliwaahidi kwamba kitabu kikitoka nitawalipa kwa nakala. Wote walikubali, na wote walitia neno.

"Hizi si zako," mwalimu akasema. "Hizi ni za matibabu."

Fundi wa vinyago alikuwa mpole zaidi. "Mie sitaki makuu. Nataka atembee tu. Akihitaji bakora niambie, nitamchongea."

Karani akaninyooshea kidole. "Ukimuua huyo mzee nakuja kuchukua fomu zangu, hata kama zimeshachapwa!"

Nilipokea, nikashukuru. Ningewaambia nini? Nilikuwa nakusanya dawa za maiti.

Karatasi zile za kuchapia sikuweza kuzigusa kwa rasimu, na rasimu lazima iandikwe juu ya kitu. Basi alasiri moja nikamfuata baba mdogo chumbani kwake. Alikuwa ameshastaafu. Sasa nikikumbuka, yeye ndiye mtu pekee Temeke nzima ambaye tangu nirudi hakuniuliza kama Inspekta amepona. Mimi, mtunzi wa upelelezi, niliona jambo hilo mbele ya macho yangu, nikalipita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, msomi."

"Huna karatasi yoyote humu? Hata za kufungia kitu."

Akainuka, akauvuta mguu wake hadi penye sanduku la bati, akauwekea mfuniko kiganja, kisha akaufungua. Akatoa furushi nene lililofungwa kwa kipande cha khanga, akaliweka mapajani mwangu. Nikafungua. Karatasi ya juu ilikuwa ukurasa wangu wa mwisho. Ya chini yake pia. Na ya chini yake. Inspekta alikufa, akafa, akafa, mpaka mwisho wa furushi.

"Gundi..." nikasema.

"Wembe," akasema.

Akakaa kitandani. "Nilikisoma kabla sijakigawa. Kusoma kwangu unakujua, ni kama kupanda ngazi na gunia. Nikapanda mpaka juu, nikakuta umenizika."

"Si wewe, baba. Ni Inspekta."

"Mguu wa nani ule?"

Nikautazama mguu wake.

"Karafuu ya nani?"

"Yako, baba."

"Mguu wangu, karafuu yangu, hata kiganja changu umekitia mle. Halafu kifo ndiyo kiwe cha mtu mwingine?"

Nilikuwa nimefundishwa ugenini namna ya kutetea kitabu. Nilitaka kusema habari za sanaa. Lakini kumtamkia mtu kifo chake akiwa hai ni uchuro, hilo nililijua kabla ya kujua kusoma, na mimi sikuwa nimetamka tu. Nilikuwa nimemchulia baba mdogo kwa mashine, mabunda kwa mabunda, kisha nikamwachia yeye mwenyewe ayagawe.

"Na pale uliponiulia," akaendelea, "penye yale makasha, ndipo lindo langu lilipokuwa. Wewe ulipokwenda zako, mie nilibaki napita pale kila zamu. Nikifika penye makasha nasimama. Nasikiliza. Mtu mzima mie, nasikiliza risasi ya kitabu."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningejitetea, na katika kujitetea najijua. Alisema kama anayenieleza habari za mvua. Nikabaki nimelishika furushi, sijui niliweke wapi.

"Kwa nini hukuzichoma?"

"Karatasi nzuri zile, nyuma nyeupe. Nikasema huyu atarudi, atazihitaji." Akatia karafuu mdomoni. "Nakukopesha. Andika nyuma. Ila na mie utanirudishia changu kama wenzangu."

Hivyo ndivyo sehemu ya pili ilivyoandikwa. Nilikaa mezani na sentensi yangu nzuri ya kwanza, ile ya Koplo makaburini, nikashindwa kuishusha. Karatasi ilikuwa nyepesi na kifo cha upande wa pili kilionekana kwa nyuma, maneno yamegeuka, kama mtu anayekutazama kupitia pazia. Juu yake nikaandika: Inspekta alifumbua macho. Ilikuwa sentensi ya kawaida kabisa, mtoto wa shule angeiandika. Nikachukua karatasi nyingine, nikakuta kifo kilekile kinanisubiri, nikaandika juu yake kwamba Inspekta ameomba maji.

Niliposoma sura za kwanza kwenye darasa la kisomo, wazee hawakuniuliza muuaji ni nani. Waliuliza kama amekula. Bibi mmoja alidai nesi wa sura ya pili ana kiburi na nimwondoe. Nikamwondoa. Mwingine akasema Inspekta asipewe bakora mapema, atazoea. Nikamchelewesha. Tulikuwa tumeona mabenki yakitaifishwa na majumba yakitaifishwa, na sasa Inspekta wangu naye alikuwa ametaifishwa, bila fidia. Mimi nilikuwa karani wake tu. Koplo, niliyemwandalia msiba mkubwa, aliishia kubeba uji kwenye chupa ya chai, na kesi yenyewe ikaja kutatuliwa kitandani, wodini, kwa kusikiliza nani anakuja kumwona mgonjwa na nani haji.

Uchapaji nilisimamia mwenyewe. Kitabu kilitoka na kurasa za rangi tatu: nyeupe za mwalimu, za kijivu za fundi, na za manjano za Kurasini. Sikutumia gundi. Nilikishona kwa uzi, nakala moja moja, na katika jiji hili hakuna aliyeshona kitabu vizuri kuliko mimi. Hilo hata waliosema sitaweza wamelikubali.

Siku ya kulipa nilivaa suti ileile. Nilianza Kurasini kwa karani. Akakifungua kwa nyuma, akasoma ukurasa wa mwisho akiwa amesimama, akanipa mkono. Mwananyamala, fundi wa vinyago naye akaanza na mwisho, kisha akaniuliza kama bakora ilikuwa ya mpingo. Nikamwambia ndiyo. Mwalimu wa kisomo hakunisalimu hata kidogo. Alifunua mwisho, akageukia darasa, akatangaza, "Anatembea!" Wazee wakapiga makofi. Wakampigia Inspekta, si mimi.

Nikamalizia nyumbani. Baba mdogo alikuwa uani, anatayarisha jiko la mkaa. Alikipokea kitabu kwa mikono miwili, akaweka kiganja juu ya jalada, kisha akafungua mwisho. Akausoma ukurasa wote, midomo ikicheza, neno kwa neno. Alipomaliza akaishika ile karatasi ya mwisho, akaivuta kidogo.

"Umeshona."

"Nimeshona, baba."

"Haya. Na zangu?"

Nikampa furushi, limefungwa kwa kipande kilekile cha khanga. Akachomoa karatasi kadhaa, akazikunja, akazipanga chini ya mkaa, akawasha kiberiti. Moto ulianza na upande uliochapwa. Nikauona mstari wa karafuu chini ya ulimi, mstari bora kuliko yote niliyoandika kabla na baada, ukijikunja na kuwa mweusi. Mkono wangu ulikuwa juu ya goti. Ulibaki hapohapo.

Akateleka birika, akalivutia furushi lililobaki karibu na mguu wake, tayari kwa chai ya kesho.

"Sogea kidogo, msomi," akasema. "Unaziba upepo."