Saa Mbili Kati ya Chennai na Mumbai

Haya yalinipata mchana, jua likiwaka, na pombe sijawahi kuionja. Kazi yangu ni kuandika habari hapa Bariadi. Nimezoea kumbana mtu aniambie aliona nini hasa. Basi na mimi nitasema nilichoona tu.

Mdogo wangu Masanja alifia Chennai, India, alikokwenda kutibiwa figo. Mama yetu ana shida ya moyo, hivyo ukoo ulikubaliana asiambiwe mpaka jeneza lifike Mwanza. Nikapewa kazi ya kukaa naye kijijini, asije akasikia kwa majirani.

Binamu yetu Bahati ndiye aliyekuwa akiusindikiza mwili. Mchana ule akanitumia ujumbe: "Tunapaa sasa. Tunakwenda Mumbai kuunganisha ndege." Nikatafuta kwenye simu. Kilomita elfu moja na kidogo, karibu sawa na kutoka kwetu hadi Dar es Salaam. Basi letu humaliza siku nzima. Ndege, kama saa mbili. Sikuhisi kitu. Nilisoma tu, kama ninavyosoma bei ya pamba.

Mama alikuwa uani akishona magunia yaliyotoboka. Ikapita saa moja na zaidi, kisha Masanja akaingia kwa upande wa zizi.

"Mwadila, mayu," akamsalimia mama kwa Kisukuma, kama siku zote.

"Mwadila, baba! Unakuja kimya kimya kama mwizi wa ng'ombe?" Mama akacheka. "Na huko India hata kifungo hawana?"

Niamini, alikuwa amevaa shati jeupe, na kifungo cha kifuani hakikuwepo. Mama akamketisha kwenye kigoda, akang'oa kifungo cha kijani kwenye sweta lake, akaanza kukishona kwa uzi ule ule mnene wa magunia.

"Fanya upesi, mayu. Safari yenyewe fupi."

"Safari gani tena? Si umeshafika?"

Masanja alinitazama mimi. Ungekuwa wewe, ungesema nini? Mimi nilikaa tu, simu mkononi.

Mama alipokata uzi kwa meno, simu ikalia. Bahati: "Tumetua Mumbai." Nilipoinua macho, kigoda kilikuwa kitupu. Mama alidhani mwanawe ameingia ndani kupumzika, akainuka kwenda kumtandikia.

Jeneza lilipotua Mwanza, mama akaambiwa; lilipofika nyumbani, tulilifungua ili ndugu waage. Bahati, aliyemvalisha marehemu kwa mikono yake, alikuwa ameshaniambia kwamba shati lilipungua kifungo na hakupata cha kuweka. Kifungo kilikuwepo. Cha kijani, uzi mnene. Bahati akarudi nyuma hadi ukutani.

Mama hakulia. Alikigusa kwa kidole, kisha akanigeukia.

"Ulijua anarudi huko. Mbona hukumshika?"

Tangu siku hiyo hanisemeshi, ila kwa swali moja. Siku hizi kila alasiri hukaa uani, sindano ina uzi, sweta bado lina pengo la kifungo. Ndege ikipita juu huniuliza itatua baada ya muda gani. Namjibu. Hanitazami.

Wewe mwenye mtu wako nchi za mbali, nisikilize. Ndugu wakikubaliana mama asiambiwe, mwambie. Mwambie kabla ndege haijapaa.