Harufu ya Ndizi Chumbani kwa Mama

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ni fundi wa dari. Jina alilopewa na wazazi wake karibu wote wamelisahau. Mtaa mzima unamwita Gazeti. Si kwamba anauza magazeti. Ni kwa sababu ukikaa naye hukosi habari. Atakuuliza kama unajua kwamba pweza ana mioyo mitatu. Atakuambia radi ina joto kali kuliko uso wa jua. Atakuambia kopo la kuhifadhia chakula lilivumbuliwa miaka mingi kabla ya kifungulio chake, kwa hiyo watu wa zamani walikuwa wanafungua chakula chao kwa patasi na nyundo, kama maseremala wenye njaa. Haya yote ameyatoa redioni, kwenye vipindi vya maswali na majibu. Akiwa juu ya ngazi, redio yake huning'inia kwenye msumari; mikono inafanya kazi, masikio yanasoma.

Wengi humwona mtu wa kujidai. Mimi niliolewa katika nyumba ile yeye akiwa bado anavaa kaptula, na siri yake naijua. Gazeti ni mwoga, na woga wake hutokea mdomoni. Siku ya kuposa, mbele ya wakwe, aliwaeleza kwamba twiga na urefu wake wote ana mifupa saba tu ya shingo, sawa na binadamu. Akaendelea na twiga hadi baba wa binti akamuuliza kwa upole kama amekuja kuoa au kuuza twiga.

Na katika vyote anavyoviogopa, nyuki ndio wa kwanza. Masikini, riziki yake nayo iko huko huko. Palipo na uwazi kati ya bati na dari, nyuki hawachelewi kuhamia, na fundi anayepanda na nyundo ndiye anayewakuta. Basi akajifunza kuwatoa huku akiwaogopa, kama mtu asiyejua kuogelea anavyojifunza kila kina cha mto anaouvuka kwenda kazini. Ana utaratibu ambao hauvunji. Kwanza huja asubuhi mikono mitupu, apande, abishe ubao kwa kifundo cha kidole, aweke sikio, ajue wamekaa wapi. Kisha hurudi jioni, nyuki wameshatulia, akiwa na sanduku, glovu na kopo lake la moshi.

Mwaka ule mvua ilizidi. Mama mkwe wangu alikuwa amelala chumba cha nyuma, kwenye kitanda cha chuma, tangu kiharusi kilipomchukua upande wa kulia. Hatembei. Mkono wa kushoto ni mzima, na ulimi, ingawa maneno hutoka yamepinda, haujapoteza makali hata kidogo. Mimi ndiye niliyemlisha na kumwogesha, na namshukuru Mungu kwa kazi hiyo, maana Mama alinipokea mimi nikiwa sijui hata kupika uji ukapikika.

Kwa muda mrefu nilikuwa nasikia mngurumo chumbani mwake. Sikuujali. Ukuta wa chumba kile tunautumia pamoja na jirani, mwanamke fundi cherehani aliyepanga chumba cha pili kwenye ukumbi huo huo, mwenye mashine ya umeme. Nikajua ni mashine. Mama alipolalamika kwamba jirani anashona mpaka usiku, nilimwambia avumilie, kila mtu na riziki yake.

Siku moja jirani alifunga mlango akaenda mazishini kwao. Nikaingia kwa Mama kubadilisha mashuka. Cherehani ilikuwa inanguruma.

Nilisimama na shuka mkononi. Nikainua macho. Juu kabisa ya mto wa Mama, ubao wa dari ulikuwa na doa la rangi ya chai, nalo lilikuwa linang'aa kama limepakwa mafuta.

Gazeti alikuja asubuhi iliyofuata. Mume wangu alikuwa lindoni. Tulikubaliana vizuri: yeye asikilize tu, na mchana tumhamishie Mama kwa jirani, aliyekwisha kurudi, ili jioni kazi ifanyike chumba kikiwa kitupu. Hakuna aliyekuwa na haraka. Mimi nilikuwa namlisha Mama ndizi mbivu nilizoziponda kwa kijiko, maana ndicho chakula kinachopita bila kumpalia. Gazeti akasimika ngazi kando ya kitanda, akapanda, akabisha ubao.

Alibisha mara moja tu. Ubao ulikuwa umelowa mvua na kubeba masega miezi mingi. Ulikuwa unangoja sababu. Pembe ya ubao ikashuka taratibu, bila kishindo, kama taya la mtu aliyesinzia. Sega refu kama mkono wangu likaning'inia wazi juu ya kifua cha Mama. Rangi yake haikuonekana. Nyuki walikuwa wamelifunika lote, tabaka juu ya tabaka, kama blanketi la kahawia linalopumua.

Hawakuruka. Walikuwa wanatembea tu juu ya wenzao, na mngurumo ukashuka kidogo, kama watu wanaonyamaza mgeni anapoingia. Gazeti alikuwa uso kwa uso nao. Nilijua atasema, na akasema, kwa sauti ndogo sana.

"Shemeji, unajua nyuki mmoja maisha yake yote hatengenezi asali ya kujaza hata kijiko cha chai?"

"Sijui, shemeji," nikamjibu. "Shuka."

Akaanza jingine, kuhusu mabawa yao, na katikati ya neno akanyamaza. Nikaona pua yake inatafuta kitu hewani. Alishuka ngazi kipago kwa kipago, asigeuze kichwa, na alipofika chini uso wake ulikuwa wa majivu.

"Harufu hii ya ndizi inatoka wapi?"

Nikamwonyesha sahani.

Alifumba macho. Kisha akanieleza kwa maneno machache, mdomo ukiwa karibu na sikio langu. Nyuki akichoma, alisema, anaacha harufu ya kuwaita wenzake vitani, na harufu hiyo inafanana na ndizi mbivu. Mtu anayekwenda kwa nyuki hali ndizi siku hiyo. Yeye kule juu alidhani vita vimeshaanza. Sasa jambo lililomtisha zaidi ni kwamba hawezi tena kujua: pua yake ndiyo iliyokuwa ikimwonya kazini, na chumba kizima kilinuka ndizi.

Nikamtazama Mama. Ndizi ilikuwa kidevuni. Ilikuwa kwenye kitambaa cha shingoni na kwenye vidole vya mkono wake mzima. Mimi, mkwe wake, nilikuwa nimempaka mwito wa nyuki usoni kwa kijiko, nikimbembeleza amalize.

Gazeti akaniambia nitoe sahani, nisikimbie, nisipunge mkono, na nisirudi. Nilitembea kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni. Nikaiacha sahani uani, mbali. Nikasema, Bwana, mimi siwezi, lakini yule mle ndani hawezi hata kugeuka. Nikalowesha kitambaa kwa maji baridi, nikarudi.

Shemeji aliponiona hakugomba. Nilimfuta Mama kidevu, midomo, kidole kimoja kimoja, macho yangu kwake, maana ningetazama juu ningepiga kelele. Nyuki mmoja alitua kwenye mto, akatembea hadi kwenye mvi zake, akasimama. Mama hakupepesa. Tulingoja. Nyuki akaruka, akarudi kwa wenzake.

Nilinong'ona tulete moshi. Kopo la moshi lilikuwa limefungwa kwenye baiskeli yake, likingoja jioni, na kila mtu anajua moshi huwatuliza. Gazeti akatikisa kichwa, akaonyesha kifua cha Mama. Nilikuwa nimesahau. Kifua kile hata moshi wa jikoni hukifanya kipige filimbi; angekohoa mle ndani, chini ya sega, angekohoa mpaka mwisho. Tulibaki na njia moja: kumvuta kwa shuka.

Tukachomoa pembe za shuka, tukamshusha hadi sakafuni. Kitanda kililia kwa chuma chake, na juu mngurumo ukapanda, ukakaa huko. Mama ni mzito. Mimi nilishika upande wa kichwa nikirudi kinyumenyume, yeye upande wa miguu. Kila tulipovuta, saruji ilikwaruza, na kila ilipokwaruza tulisimama. Gazeti alikuwa anatokwa na maneno sasa bila kujua, anaongea peke yake, kiberiti cha namna gani kilitangulia kiberiti kipi, vitu visivyo na kichwa wala miguu. Mama akafungua jicho moja.

"Gazeti," akasema kwa mdomo wake uliopinda, "leo husomeki."

Nusura nicheke. Machozi ndiyo yaliyotoka.

Mlango wa chumba kile una kizingiti. Hapo ilibidi tumwinue, na ili amwinue Gazeti alilazimika kujibana kati ya kitanda na ngazi. Bega lake likagusa ngazi. Haikuanguka, iliteleza tu, ncha yake ya juu ikakwaruza ubao uliolegea.

Sega lilianguka kitandani, mahali alipokuwa Mama. Lilitoa mlio wa nguo zilizolowa zikitupwa kwenye beseni. Halafu chumba kikawa giza, mchana ule ule, na sauti yake siwezi kuiandika. Nilichomwa nyuma ya sikio. Na papo hapo nikaisikia harufu, tamu, nzito, ya ndizi mbivu, na sahani yangu ilikuwa uani mbali.

"Vuta, shemeji! Usiniangalie, vuta!"

Nilimwangalia. Alikuwa ameachia miguu ya Mama na kupanda juu yake kwa magoti na viganja, bila kumgusa, kifua chake juu ya uso wa Mama, shati limetandazwa huku na huku. Mimi nikivuta, yeye akitambaa. Alimfunika kama dari, kwenye ukumbi wote, na mgongo wake uligeuka rangi kama ile ya sega. Nilimwita Mungu kwa sauti, nikaupiga mlango wa jirani kwa kisigino, mlango ukafunguka, mikono ya jirani ikanidaka mabega, tukaingia wote kwa pamoja kama gunia lililopasuka, akasukuma mlango na kuziba chini kwa marobota ya vitambaa.

Nyuki waliogonga kioo cha dirisha walisikika kama mtama unaorushwa kwa konzi. Nikaweka sikio kifuani kwa Mama. Kilikuwa kinakwenda. Alikuwa amechomwa mguuni, ule uliokufa, na akaniambia hata hausikii.

Gazeti alikaa sakafuni kati ya vipande vya nguo, meno yakigongana. Shingo, masikio, mgongo, vyote vilikuwa vimejaa miiba. Jirani alitaka kuing'oa kwa vidole. Gazeti akamzuia kwa ishara, akaonyesha kwamba inakwanguliwa kwa ukucha, ukiibana unasukuma sumu ndani. Nimemjua kijana yule miaka yote hiyo, sikuwahi kumwona akiogopa huku amenyamaza, na ukimya ule ulinitisha kuliko nyuki waliokuwa dirishani. Nikamuuliza kama koo linabana. Akatikisa kichwa. Nikamuuliza tena. Akatikisa tena, jirani akatoka kwa mlango wake wa barabarani kutafuta gari la hospitali.

Mama akasema nimwegemeze yeye ukutani. Nikamwegemeza kwa mito ya jirani na marobota yaliyobaki. Akapiga sakafu kwa mkono wake wa kushoto, mahali pa kukaa, na yule mtu mzima, baba wa watoto, akajisogeza, akalaza kichwa mapajani mwake, shingo imeelekea juu.

"Tulia," Mama akamwambia. "Siku uliyozaliwa ulipiga kelele kuliko leo."

Akaanza kukwangua kwa ukucha wa kidole gumba, mwiba baada ya mwiba, akipangusa kila mmoja kwenye kitambaa cha jirani. Mimi nilishika mkono wa shemeji kuhesabu pumzi zake, nikasali, nikasikiliza gari. Nje nyuki walikuwa bado wanagonga kioo. Mkono wa Mama ulipochoka aliulaza kidogo juu ya sikio la mwanawe, kisha akaendelea.