Picha ya Thelathini na Sita

Miaka ya tisini mjomba alikuwa na studio ya picha pale Mpanda. Kamera zilikuwa zake. Mimi nilikuwa na ubao wa picha wa mlangoni, ule wa kuvutia wateja, na kila Jumatatu niliupanga upya nione nini kitabadilika. Leo napanga maonyesho ya picha, na zangu pia hutundikwa. Wakiniuliza nilisomea wapi, naukumbuka ubao ule.

Siku moja mjomba alikwenda kupiga harusi, akaniachia kamera ya pili kwa mara ya kwanza.

"Mkanda umebaki picha moja," alisema. "Akija mteja mpige huyo, basi. Kesho mkanda wenyewe unapanda treni."

Mikanda yetu ilisafishwa Tabora.

Akaja bibi mmoja, mkulima wa mpunga kutoka Kibaoni. Alitaka picha ya kusimama, miguu ionekane. Kwetu picha iliyokata miguu mteja alikurudishia. Akaomba kupumzika kwanza, akakaa na mikono magotini. Vidole vilikuwa vimepinda kama tangawizi. Nilishindwa kuvumilia. Nilijua mikanda mingine ya picha thelathini na sita hutoa hata ya thelathini na saba, basi ile ya thelathini na sita iliyobaki nikapiga mikono.

Bibi aliposimama, kamera ikagoma. Mkanda ulikuwa umekwisha. Nikaona aibu kusema, nikabonyeza kitufe cha flashi peke yake. Mwanga ukammulika, akashukuru, akaenda zake.

Njia ya mwongo ni fupi. Picha ziliporudi, mjomba alizipekua mara mbili akimtafuta bibi, akakuta mikono tu. Nikamweleza yote.

"Mchuma janga hula na wa kwao," alisema, "ila hili utakula peke yako. Akija utamwambia mwenyewe. Akikasirika, kamera hutaigusa tena. Utabaki na ubao wako."

Niliogopa sana, maana nilikuwa nimeshaonja kupiga. Lakini udadisi haukuniacha. Nikaitundika ubaoni ile mikono karibu na picha ya bibi harusi, ikawa mikono ya mama anayemuaga binti. Nikaihamishia kando ya mfugaji wa Kisukuma na ng'ombe wake, ikawa ya mtu aliyekamua miaka mingi. Picha ni ileile. Wapita njia walicheka, wakauliza nani amekatwa kichwa.

Bibi alirudi siku ya gulio. Hakuingia ndani. Alisimama mbele ya ubao muda mrefu, nami nikatoka na kumwambia kila kitu, mpaka ule mwanga wa uongo. Mjomba alikuwa mlangoni anasikiliza.

"Mama yangu mmempiga lini?" aliuliza bibi kama hakunisikia, macho kwenye ile mikono.

"Hiyo ni mikono yako, bibi."

"Mama alikufa hajapigwa picha hata moja, mjukuu wangu. Na sura yake imeshanitoka. Mikono yake ndiyo hii."

Akaibandua picha mwenyewe, akaichomeka kifuani ndani ya khanga, akaingia na kusimama mbele ya pazia.

"Mama tayari," alisema. "Sasa nipige na mimi. Miguu yote."

Mjomba akavua kamera shingoni, akanipa.