Hayupo, na Ameketi Mbele Yangu

Kazi yangu ni kuhesabu wanafunzi. Nikiwaambia watu hivyo sokoni Nachingwea wananihurumia, wanadhani nimeshushwa cheo. Lakini ndivyo ilivyo. Mimi ni afisa takwimu wa tawi dogo la chuo kikuu, ofisi yangu iko kwenye nyumba ya mabati iliyobaki tangu mradi wa karanga wa Waingereza, na kila mwaka nahesabu vichwa na kupeleka juu. Huko juu wanagawa fedha kwa kufuata hesabu ile. Ni kama ubwabwa kwenye shughuli: sinia kubwa linakwenda penye watu wengi, penye watu wachache wanapelekewa ukoko. Nasi tumekula sana ukoko.

Nianze kwa kukiri kosa langu, maana nisipolisema mimi watalisema wenzangu, na wao wanaongeza chumvi. Mwaka juzi fomu ya takwimu ilikuja na kisanduku kipya. Kiliuliza tuna wanafunzi wangapi wanaojiajiri kwa kuongeza thamani ya mazao ya eneo letu. Kila mwanafunzi wa namna hiyo, kwa mujibu wa maelezo ya chini kwa maandishi madogo, angehesabiwa kichwa kimoja na robo.

Robo ya kichwa! Nilikaa na kisanduku kile siku nzima, hata chai ikapoa. Tuko katikati ya mikorosho, na wanafunzi wangu jioni wanatazama simu tu. Wiki ile ile nikaanzisha kikundi cha kubangua korosho. Nikawatafutia magunia, nikawatafutia mabanda, nikawapiga picha wakitabasamu na kupeleka picha juu pamoja na orodha. Fungu letu likapanda. Mkuu wa tawi akanisifu mbele ya kikao, nami nikavimba kichwa, kichwa na robo.

Nilichokisahau nakijua tangu utotoni kwetu Mnero. Ganda la korosho lina mafuta makali. Mbanguaji anajipaka majivu mikononi, lakini majivu yanasaidia kidogo tu. Ukibangua kila siku vidole vinakuwa vyeusi, halafu ngozi ya juu inabanduka, halafu inakuja ngozi nyingine iliyo laini, haina hata mstari. Shangazi yangu alikuwa na vidole vya hivyo, akishika glasi haachi alama. Jambo hilo nililijua kabla sijajua kusoma, nikalisahau kwa ajili ya robo ya kichwa.

Mwaka uliofuata, wa juu walichoshwa na wanafunzi hewa. Kuna vyuo, walituambia, vinapeleka majina ya watu waliokwisha kufa, waliokwisha kuolewa Msumbiji, na wengine ambao hawakuzaliwa kabisa. Kwa hiyo kuanzia mwaka ule hakuna kichwa kitakachohesabiwa bila kidole. Atakuja mkaguzi na mashine, kila mwanafunzi aweke kidole, mashine ikimtambua kwa alama alizotoa kwenye kitambulisho cha taifa atakuwa yupo. Isipomtambua, hayupo, jina linafutwa, fungu lake halitoki, na mtihani wa mwisho hafanyi.

Mkaguzi alikuja asubuhi ya Jumanne. Alikuwa kijana wa miwani, mpole, mwenye adabu zake. Aliniamkia shikamoo hata kabla hajashuka vizuri kwenye gari. Mashine yake ilikuwa ndogo kama kipande cha sabuni. Tukapanga meza ukumbini, wanafunzi wakapanga foleni, nami nikaketi kando yake na orodha yangu.

Kufikia saa nne wanafunzi tisa walikuwa wametoweka huku wamesimama mbele yetu. Wote ni wa kikundi changu. Tukawaosha kwa sabuni, tukawafuta kwa kitambaa, tukawajaribisha vidole vidogo ambavyo havishiki sana korosho, na mmoja mmoja wanane wakarudi duniani. Akabaki mmoja.

Huyu alikuwa binti wa mwaka wa tatu, anasomea ualimu wa hisabati, kwao Nandagala, upande wa Ruangwa. Ndiye mwenyekiti wa kikundi. Wenzake walibangua jioni mbili tatu kwa wiki ili wapigwe picha. Yeye alibangua kweli, hapa chuoni na kwao kila Jumamosi na mama yake, kwa sababu kodi ya chumba chake Nachingwea ilitoka humo. Darasani hakukosa hata siku ya mvua ile iliyong'oa bati la bweni. Kama kuna mtu mmoja kwenye tawi letu ambaye ningeweza kuapa kwamba yupo, ni yeye.

Akaweka kidole cha kwanza. Taa nyekundu. Cha pili, nyekundu. Alimaliza vidole vyote kumi.

"Hayupo," alisema mkaguzi, akaanza kuandika.

"Nipo," alisema binti.

"Samahani dada, ni mfumo."

"Baba," nilimwambia mkaguzi, na hapo sauti yangu ilikuwa imeshapanda, "mtu ameketi mbele yako. Amekuamkia. Umemwitikia. Ulimwitikia nani?"

"Mama, mimi namwona. Mfumo ndio haumwoni, na fedha zinatoka kwenye mfumo."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Tukiwa hapo hapo tunabishana, ikaingia bodaboda hadi mlangoni, akashuka kijana mmoja mrefu mwenye fimbo na vumbi hadi kwenye nyusi. Huyu naye alikuwa wa mwaka wa tatu, darasa moja na yule binti. Familia yao ni wafugaji waliokuja na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa, wako huko porini nje ya mji. Tangu kiangazi kilipokaza hakuwa ameingia darasani, alikuwa anahangaika na maji ya mifugo. Alikuwa ameambiwa kuna kuweka kidole, akaja kuweka kidole.

Mkono wa mtu anayekamua maziwa asubuhi na jioni ni mkono wa ajabu. Mashine ilimkubali mara moja, taa ya kijani, na ikalia kamlio ka furaha ambako hakakulia kwa mtu mwingine yeyote siku ile.

"Safi sana," alisema mkaguzi. "Wangekuwa wote hivi."

"Huyu hajaingia darasani miezi miwili!" nilisema.

"Fomu haina sehemu ya darasani, mama."

Yule kijana akaona haya, nami nikaona haya kwa kumsema mbele ya watu. Akanong'ona, "Mama, nitarudi mvua ikinyesha, kweli tena." Akanywa chai yetu, akapanda bodaboda yake, akaenda. Na kwenye hesabu ya serikali alibaki pale ukumbini, anasoma.

Kisha mkaguzi akatoa fomu ya kuthibitisha wasiokuwepo. Sehemu A ilijazwa na yeye, sehemu B na mimi, na sehemu C ilisema: saini ya mwanafunzi asiyekuwepo, au dole gumba. Nikamwonyesha. Akaisoma mara mbili, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema kwa upole kwamba bila sehemu C fomu haipokelewi. Binti akatia saini. Mwandiko wake ni mzuri sana. Nami nikatia saini yangu juu ya yake, kuthibitisha kwamba hayupo, na hiyo ndiyo saini pekee katika miaka yangu yote ya kazi ambayo natamani mkono ungenikatika kabla sijaiweka.

Kulikuwa na dirisha la marekebisho, siku ishirini na moja. Asipopatikana ndani ya siku hizo, basi tena, miaka mitatu ya masomo imekwenda na maji. Nikampeleka kwa muuguzi ninayemwamini, akatuambia hakuna dawa, ni kupumzisha mikono tu. Ngozi ikikua, mistari itarudi yenyewe.

"Usiguse korosho," nilimwamuru. "Usifue, usioshe vyombo, usilime. Na Nandagala usikanyage mpaka dirisha lifungwe. Ukifika kwenu utamwona mama yako anabangua, utashindwa kujizuia."

"Na mama atafanyaje na magunia yangu, madamu?"

"Mama yako ni mtu mzima."

Nilijibu hivyo, nikaendelea na mambo mengine.

Hizo siku ishirini na moja zilikuwa vituko vitupu. Jina lilikuwa limefutwa, kwa hiyo mwalimu wake wa hesabu alikataa kusahihisha mazoezi yake. "Nikimpa alama nitaulizwa nimempa nani," alisema. Lakini swali likiwa gumu alimwita yeye ubaoni, maana wengine hawawezi. Maktaba ikakataa kumwazima kitabu na ikaendelea kumdai kile alichokuwa nacho. Yeye mwenyewe alitembea na mikono mbele kama aliyepakwa hina, wenzake wanamfungulia milango na kumfulia. Walimtania wakamwita marehemu. Alicheka nao siku za mwanzo. Siku ya kumi hivi nilimkuta nyuma ya ofisi analia, akaniambia, "Madamu, wakiniita marehemu naitika." Nikamkumbatia.

Wiki ya pili yule kijana mfugaji alirudi, hakuna aliyemwita. Amebeba chupa ya samli. Mama yake amesema, alituambia, apake asubuhi na jioni, kwao hata kwato zilizopasuka zinapona. Wapo hapa watu wasiopenda kusikia habari za wafugaji, wanasema mifugo imekula mashamba yao, na pengine ni kweli. Mimi nasema nilichokiona. Aliiweka chupa mezani, akamwambia binti, "Mimi nimehesabiwa mahali pako. Nimekosa usingizi." Kisha, kwa kuwa amekwisha kufika, akaingia darasani, akakaa hadi jioni.

Siku ya ishirini mkaguzi alipita tena. Ofisi yangu ilijaa hadi madirishani. Binti akaketi, akaosha mikono, akaifuta kwa kanga safi. Kidole gumba cha kulia, nyekundu. Kidole cha shahada, nyekundu. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Cha kati, nyekundu. Kidole cha pete kikakaa kidogo, mashine ikafikiri, taa ikawa kijani.

Kelele zilizopigwa siku ile zilisikika hadi stendi. Mkaguzi naye alirukaruka na miwani yake. Nilimsamehe mambo mengi hapo. Jina likarudi kwenye orodha, fungu letu likarudi na kichwa chake, na mwalimu wa hesabu akaomba aletewe mazoezi yote ya wiki tatu.

Binti alitaka kumpigia mama yake. Simu haikupatikana. Akapiga tena, haikupatikana. Alisema tangu wiki iliyopita ni hivyo hivyo, labda ni chaji, maana umeme wao wa sola haujakaa sawa. Nilikuwa na furaha nyingi nisiyojua pa kuipeleka, nikamwambia twende tukamwambie kwa mdomo. Tukapata gari hadi Ruangwa, kisha bodaboda mbili hadi Nandagala, binti mbele anamhimiza dereva.

Mama yake alikuwa uani, ameketi kwenye mkeka, korosho upande huu na maganda upande ule. Alipotuona hakusimama. Alinipokea kwa maneno, karibu mwalimu, karibu sana, na mikono akaificha chini ya kanga. Nikamwamkia, nikanyoosha mkono kama ilivyo desturi. Ikabidi autoe.

Nimeona mikono ya wabanguaji maisha yangu yote, sijaona kama ile. Magunia ya binti hayakuwa yamesubiri. Mama alikuwa amebangua sehemu yake na sehemu ya mwanawe, wiki zote tatu, mchana kutwa, ili kodi ya chumba isikatike na mwanafunzi asishike kitu. Vidole vilikuwa vyekundu na vyeusi, vingine vimefungwa matambara.

"Mama, mbona simu yako haipatikani?" binti aliuliza.

"Laini iliharibika. Nikaenda Ruangwa kuirudisha, wakaniambia weka kidole. Nikaweka vyote." Akacheka kidogo. "Wamesema mimi sipo. Laini wameifunga."

Mimi nilikuwa natazama chini, kwenye maganda.

"Na wewe?" mama alimwuliza mwanawe. "Wamekuona?"

"Wameniona, mama. Leo."

"Basi," alisema. "Akiwepo mmoja inatosha."

Binti akapiga magoti kwenye mkeka, akanyoosha mkono achukue korosho iliyokuwa karibu, amsaidie. Mama yake akampiga kofi la mkononi, zito, kwa vidole vile vile vilivyofungwa matambara.

"Usiguse," alimwambia. "Watarudi tena hao."