Gari Lililofeli kwa Kukosa Moshi

Gari langu halijawahi kufeli breki. Halijafeli taa, honi, waipa wala mikanda, na matairi yake mkaguzi aliwahi kuyasifu mbele za watu. Ni gari dogo la umeme, wenyewe walilitumia huko Japani mpaka wakalichoka, na betri yake imebakiwa na nguvu ya kunitoa Ilemela hadi Bujora na kunirudisha, mradi nisiwashe feni. Lakini kila mwaka siku ya ukaguzi hunikuta roho juu, kwa sababu ya kitu kimoja ambacho gari hili halina na halitakuwa nacho.

Sikulinunua kwa kujitakia makuu. Mama yangu alibanika sangara kwenye mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, zaidi ya miaka thelathini, ameinamia moshi asubuhi mpaka jioni, na moshi huo ndio uliotusomesha sote. Sasa kifua chake kinapiga filimbi. Daktari alituambia wazi kwamba moshi ukiendelea kumwingia hatutakuwa naye muda mrefu, na kwamba kila mwezi lazima afike kliniki. Kwenye mabasi alikuwa akishuka njiani ameshika kifua, na mara mbili tulirudi nyumbani bila kumwona daktari. Nikauza kiwanja changu cha Misungwi, nikanunua gari lisilo na moshi. Bila stika ya ukaguzi haliruhusiwi barabarani, na bila gari mama hafiki kliniki.

Mkaguzi wetu ni mwanamume mpole, shati limenyooshwa, fomu amezibana kwenye ubao. Mwaka wa kwanza aliniambia niwashe gari. Nikamwambia limewaka. Akasema, taratibu kabisa, niwashe gari. Nikamwambia limewaka tangu nyumbani. Akaweka sikio kwenye boneti, akasikiliza, akatikisa kichwa. Kisha akazunguka nyuma, akachuchumaa, akakaa huko mpaka nikadhani ameshikwa na kizunguzungu. Aliporudi alinipa pole. Alikuwa ameandika kwamba bomba la moshi limeibwa.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, halafu nafundisha fizikia. Nilimweleza pale pale umeme ni nini na moshi ni nini, kwa ile sauti ambayo kidato cha pili wanaijua. Aliitikia yote. Alielewa yote. Akanionyesha fomu: bomba la moshi, zima au bovu. Hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba halihitajiki. Angekuwa anataka kitu kidogo ningemwelewa, lakini huyu hakutaka hata soda. Alitaka bomba.

Basi nikaenda kwa fundi wa kuchomelea. Aliniuliza bomba linaanzia wapi, nikamwambia halianzii popote. Akanikazia macho, akakata mguu wa kitanda cha chuma, akaufunga chini ya gari, akaupaka rangi ya fedha bila kuombwa. Mkaguzi akaligonga kwa kalamu, akaandika zima. Mama alipoliona alicheka mpaka tukamtafutia dawa yake ya kuvuta.

Mwaka wa pili bomba lilikuwa limeshika kutu, nikafeli. Jamani, bomba lisilo na kazi yoyote duniani, nalo likaharibika! Fundi akakata mguu wa pili wa kitanda kile kile.

Mwaka wa tatu ikaja fomu mpya, yenye nafasi ya kujaza rangi ya moshi. Mkaguzi akaweka kiganja nyuma ya bomba, akangoja. Kisha akaniambia kwa huruma kwamba bomba lipo na moshi hautoki, kwa hiyo gari lina hitilafu, na pengine ni kubwa. Nikamwuliza kama hakumbuki kwamba bomba lile aliliagiza yeye. Alikumbuka vizuri sana. Akanipa mpaka kesho yake, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kliniki.

Hapo nilifanya upumbavu ambao mpaka leo naona aibu kuusema. Asubuhi ile, hatua chache kabla ya kuingia uwanja wa ukaguzi, nilisimama nikawasha dawa ya mbu, ile ya kuchoma iliyoviringwa, nikaitia kipande ndani ya bomba. Moshi ukatoka mwembamba, mweupe, wa heshima zake. Mama alikuwa kiti cha mbele na kitenge chake cha kliniki. Sikumwambia kitu. Mkaguzi akachuchumaa nyuma, akatabasamu, akaanza kuandika. Nilichosahau ni kwamba fundi, ili bomba lishike, alitoboa sakafu apitishe bolti, na kupitia matundu yale moshi ulikuwa unapanda ndani ya gari.

Nikasikia mama anakohoa, na hakikuwa kikohozi cha kila siku. Nilichomoa ile dawa kwa vidole vitupu nikaikanyaga. Mkaguzi alikuwa amenitangulia mlangoni. Alimshika mama mkono, akamtoa nje, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akampepea kwa ubao wa fomu. Nimenunua gari zima ili mama asivute moshi, kisha nimemletea moshi kwa mkono wangu.

Pumzi iliporudi, mkaguzi akamwamkia shikamoo. Mama akaitikia marahaba, kisha akamwuliza nini hasa wanachotafuta huko nyuma ya gari. Mkaguzi akajibu kwa unyonge kwamba fomu inataka moshi.

"Inama," mama akamwambia. "Weka sikio mgongoni kwangu."

Alisita, akanitazama, kisha akainama na kuweka sikio vile vile alivyoliweka kwenye boneti. Mama akavuta pumzi. Filimbi zile hata mimi nilizisikia.

"Moshi wa gari hili wote uko humu," mama akasema. "Andika."

Akaandika. Niliisoma fomu kwa macho yangu. Kwenye rangi ya moshi alijaza: hauonekani, umo kwa abiria. Akabandika stika mwenyewe kwenye kioo, na kliniki tukawahi.

Nilidhani yamekwisha. Bomba nililing'oa, matundu nikayaziba, na mwaka huu nikaenda uwanjani peke yangu. Mkaguzi alipoona kiti cha mbele kitupu, uso ulimbadilika. Akaniuliza kwa sauti ya chini bibi yuko wapi. Nikamwambia yuko nyumbani anachambua dagaa. Akashusha pumzi. Halafu, bila kuliulizia bomba wala kupepesa macho, akasema samahani mwalimu, kwa mujibu wa fomu ya mwaka jana moshi unakaa kwa abiria, na yeye hawezi kukagua gari nusu.

Nilichemka, lakini nilirudi kumchukua. Mama alikataa kutoka mpaka avae kitenge cha kliniki. Uwanjani akakalishwa kwenye kiti kile kile, na mkaguzi akawaamuru wenye malori na pikipiki wazime injini zote, anasikiliza. Wakazima. Akaweka sikio mgongoni upande wa kulia, akaweka upande wa kushoto, akarudia kulia.

"Umepungua," akasema.

Kliniki walikuwa wameniambia hivyo hivyo kwa maneno marefu, na sikuwaamini, nikidhani wananifariji. Huyu asiyejua gari limewaka au limezimwa nilimwamini. Nililia pale pale, mbele ya madereva wa malori.

Mama alikuwa anafunga kitenge chake vizuri. "Mwanangu," akamwambia mkaguzi, "usiandike umepungua sana. Mwakani utatufelisha."