Jenerali Nyani na Jeshi Lake la Mataifa

Ukifika kijijini Gendabi ukaulizia Evarist, watu watakutazama tu. Ulizia Jenerali Nyani, utasindikizwa mpaka mlangoni. Mwamba mwenyewe jina hilo hataki hata kulisikia, lakini alijitafutia, tusimwonee huruma.

Iko hivi. Evarist alikuwa anamtaka Zita. Zita alishakubali zamani, kikwazo kilikuwa mama yake, Mama Gaudensia. "Nitakuja kuona shamba lako," alimwambia. "Mahindi yakiwepo, tutaongea. Yasipokuwepo, mwanangu anabaki nyumbani."

Na nyani wa mlimani walishaanza kuvuna kabla ya mwenye shamba.

Evarist alihudhuria semina moja ya mambo ya kimataifa mjini Katesh na hajawahi kuacha kuisimulia. Akaitisha kikao cha kupambana na nyani. "Ndugu zangu, twende kimataifa. Kuna kampuni za mataifa mengi: matawi kila nchi, bosi mmoja. Kuna serikali zinazokaa meza moja: hazifanyi kitu mpaka zote zikubali. Halafu kuna jeshi la mataifa, kila nchi inaleta askari wake. Sisi tunachukua jeshi."

"Mataifa yenyewe yako wapi?" akauliza Nurdin, mnunuzi wa mahindi kutoka Katesh.

"Wakulima taifa moja. Wafugaji wa Mzee Gidamis taifa la pili. Wewe la tatu."

"Mimi peke yangu taifa?"

"Si una pikipiki?"

Mzee Gidamis akakubali kuleta vijana na mbwa, ila vijana wake wanamsikiliza yeye tu. Wakulima wakasema wao wanawasikiliza wazee wao. Nurdin akasema yeye anasikiliza bei ya petroli. Evarist akapitisha yote. Jenerali gani huyo!

Asubuhi ya ukaguzi, Mama Gaudensia na Zita wakiwa njiani, nyani wakashuka. Kundi zima. Evarist akapuliza filimbi: "Gidamis! Achia mbwa!"

Hakuna mbwa aliyeachiwa.

Mzee akamgeukia taratibu. "Kijana, mimi ni rika lako?"

"Samahani mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Habari za nyumbani?"

"Nzuri mzee, ila hawa nyani..."

"Mama hajambo?"

Basi vijana wa Gidamis nao wakakumbuka hawajawaamkia wazee wa wakulima. Shikamoo zikazunguka shamba zima, marahaba zikijibu, na nyani mmoja kakaa juu ya kichuguu anamenya hindi, anawatazama kama mgeni mwalikwa.

Ndipo Mama Gaudensia akatokea. Hakuamkia mtu. Alinyakua debe akaligonga: "Nyie wote, kimbizeni! Na wewe mzee, hiyo fimbo ni ya kupigia picha?"

Jeshi zima likatimka, Gidamis mbele, pikipiki ya Nurdin inanguruma nyuma. Nyani wakapotelea mlimani.

Nurdin akarudi anahema kwa kicheko. "Jenerali Nyani, pole! Jeshi lako limenunuliwa na kampuni. Bosi ni mama mkwe."

Nusu ya shamba ilikuwa magunzi. Evarist akainamisha kichwa kusubiri hukumu. Mama Gaudensia akayatazama mahindi yaliyobaki, akamtazama yeye, kisha akamgeukia binti yake.

"Mchukue. Huyu shida yake si mahindi. Anakosa mtu wa kumwamuru."

"Naanza lini?" akauliza Zita.

Harusini MC alimtangaza "Bwana Evarist", watu wakabaki wanaulizana ni nani. Aliposahihisha, vigelegele vikafika mlimani.

Haya, na wewe usijifanye huna. Mtaani kwenu nani ana jina la aibu lililoganda, na liligandaje? Lishushe hapo kwenye komenti. Kama ni la kwako, sema tu ni la rafiki yako, tutaelewa.