Dakika Kumi za Mume wa Marehemu

Baba yangu alistaafu jeshini akiwa sajenti, akarudi Uthiru kwenye kipande cha shamba alichoachiwa na babake, akajenga vyumba sita vya kupangisha na kutuwekea sisi kambi. Sisemi kambi kwa utani. Kila Jumapili jioni alibandika karatasi kwenye mlango wa jikoni: nani atachota maji, nani atang'arisha viatu, taa zizimwe saa ngapi. Aliiita Amri za Wiki. Mimi na dada yangu tulitakiwa kujibu "Ndiyo, Afande," na mama alikuwa akigeuza uso ili asionekane anacheka.

Kisichoandikwa hakikuwepo. Nikiwa darasa la sita nilishikwa na homa kali siku ya Jumatano, na kwa kuwa homa haikuwa kwenye karatasi, nilienda shule nikatapika kwenye paredi ya asubuhi mbele ya watu wote. Ila lazima niseme ukweli, sheria hiyo ilimfunga hata mwenyewe. Wiki moja alisahau kujiandikia chakula cha mchana cha Alhamisi. Alikaa mezani nasi, akatazama sahani zetu, akanywa maji. Mama alimpakulia, naye akaisukuma sahani kando. Nilikuwa mtoto mdogo na nilifurahi sana.

Nilipomaliza sekondari nilifanya kazi ya mjengo miezi saba, nikanunua gitaa la umeme la mtumba, jekundu, lenye mkwaruzo mgongoni. Nilikuwa nimeupenda muziki wa roki, ule wenye gitaa zinazonguruma na ngoma zinazopigwa kana kwamba zina makosa. Jumapili iliyofuata mstari wa mwisho wa karatasi ulisema: "Gitaa liondolewe kufikia Ijumaa." Sikuliondoa. Ijumaa alasiri baba alinipa shoka, akaniamuru nilipasue mwenyewe, niwashie moto wa maji yake ya kuoga. Nililia huku nikipasua. Rangi ile ilipoungua ilitoa moshi mweusi wenye harufu ya plastiki, wapangaji wakafunga milango. Maji yalipochemka aliyaoga, akatoka akinukia sabuni, akaniambia sasa nimekuwa mwanamume. Nilimchukia siku hiyo, na sikuona sababu ya kuacha.

Nikahamia mjini, mtaa wa Ngara, kwenye chumba tulichogawana watu watatu, nikanunua gitaa jingine la umeme, na miaka miwili baadaye tukaunda bendi yetu. Tulifanya mazoezi chini ya jengo moja lenye maduka ya jumla ya vyombo, na wikendi tulipiga kwenye klabu za katikati ya jiji ambako watu walikuja kurusha nywele wasizokuwa nazo. Mama alikuwa akija kunitembelea kila mwezi. Nyumbani alisema anaenda kununua vikombe kwa bei ya jumla, na kwa kweli kabati lake lilijaa vikombe mpaka baba akauliza tunatarajia wageni gani. Kwenye mazoezi yetu mama alikaa kwenye kreti ya soda, pamba masikioni, akatusikiliza hadi mwisho. Kisha aliuliza, "Hiyo kelele yenu iko na mwisho ama?" na kutoa viazi vya kuchemsha kwenye mkoba.

Alipougua alilazwa hospitalini Upper Hill. Nilikuwa nikienda mchana, baba akienda jioni, na dada yangu alipanga zamu hizo ili tusikutane. Siku moja mama alinishika kidole, maana mkono wote ulimshinda, akaniomba siku ya kumzika nimpigie wimbo mmoja wa kanisani aliozoea kuuimba akifua nguo. Nikamwambia nitaazima gitaa la mbao. Akasema, "Aa-aa. Piga na hiyo yako ya kelele. Nataka niisikie huko chini." Nikaapa. Ni kiapo cha pekee ambacho mama aliwahi kuniapisha, na nilijua hata siku ile kwamba kati yangu na kiapo hicho amesimama mtu mmoja.

Alifariki siku tisa baadaye. Kwenye mkutano wa familia, mbele ya wajomba na wazee wa kanisa, nilisimama nikaeleza ombi la mama. Baba hakunitazama. Alisema mkewe hatazikwa na shetani akikwaruza nyaya, na kwamba kama nataka kusaidia nikate nywele. Wajomba wawili walicheka. Sikukata.

Sasa, kwetu mazishi hayaendi bila kijitabu. Ni lazima kiwe na picha ya marehemu kwenye jalada, wasifu wake, na ratiba ya siku yenye dakika za kila mtu. Baba alikiandika kwa mkono, kurasa nne za herufi kubwa zilizonyooka, dada akakituma kwa duka moja la uchapishaji Ngara. Kwa kuwa duka lilikuwa hatua chache kutoka kwangu, nikaambiwa niende nikague kabla hakijachapwa, kisha nizibebe nakala zote mpaka Uthiru. Lilikuwa kosa la dada, maskini. Alidhani kunipa kazi ni kunirudisha nyumbani.

Msichana wa duka alinigeuzia kioo cha kompyuta nisome. Kwenye wasifu, dada yangu alikuwa "mwalimu na mama wa watoto wawili." Mimi nilikuwa "kijana wake, anatafuta kazi." Nilikuwa na miaka thelathini na tatu na nilikuwa nimepiga gitaa kwa ajili ya mkate wangu miaka kumi na mbili. Nilisoma ratiba. Wimbo wangu haukuwemo. Chini ya kwaya ya akina mama palikuwa na mstari huu: "Salamu za mume wa marehemu, dakika kumi."

"Iko sawa ama kuna kitu ya kubadilisha?" msichana akauliza.

Nilimwambia aufute mstari huo. Mahali pake aandike: "Wimbo wa gitaa, mwana wa marehemu, dakika kumi." Akanitazama. "Na mzee hataongea?" Nikamwambia daktari amemkataza, moyo wake hauko sawa. Akasema pole, akafuta. Nilikaa pale mpaka nakala ya mwisho ikatoka, na nilikuwa na raha mwilini ambayo sijaipata jukwaani hata siku moja. Neno la "anatafuta kazi" nililiacha kama lilivyo. Nilitaka baba aone kwamba nimelisoma.

Sikuwa nimekosea hesabu. Asubuhi ya mazishi baba alikaa mstari wa mbele chini ya hema, suti nyeusi, medali kifuani, karatasi iliyokunjwa mara nne ikichungulia mfukoni. Alifungua kijitabu kama kila mtu. Kidole chake kilishuka mstari kwa mstari, kikafika, kikasimama. Dada aliyekuwa kando yake alikiona pia, akanitafuta kwa macho, akafunika mdomo. Mtu mwingine angesimama akamwita mwenye kuongoza ibada, akasema kumetokea kosa la chapa, na lingekwisha. Baba alitazama saa yake, akakifunga kijitabu, akakiweka magotini. Ilikuwa imeandikwa.

Mzee wa kanisa alipotangaza wimbo wa gitaa, watu waligeuka kuangalia. Nilikuwa nimevuta umeme kwa waya mrefu kutoka chumba cha mpangaji mmoja. Ubeti wa kwanza niliupiga taratibu, sauti safi, na akina mama wakaanza kuimba nami. Laiti ningekomea hapo. Nilikanyaga kidude cha kuongeza mngurumo, nikaigeuza spika kubwa kutoka kwenye jeneza, ikaelekea kiti cha baba. Kuku wa wapangaji walikimbilia migombani, bibi mmoja akaziba masikio kwa leso. Niliupiga wimbo wa mama kumkomoa mumewe. Hakupepesa macho. Alikaa wima dakika zote kumi, mikono magotini, na medali zikitetemeka kidogo kwa ule mtikisiko.

Kaburini, kabla ya udongo, mzee wa kanisa alimwinamia akamuuliza kama angependa kusema neno. Nilikuwa karibu, nilisikia. Mkono wa baba ulikwenda mfukoni, ukaitoa karatasi hadi nusu. Kisha akasema, "Haiko kwa programu," akairudisha.

Wageni walianza kuondoka saa kumi. Baba alikunja viti vya kukodi akivipanga kumi kumi ukutani, naye hakutaka msaidizi. Nilipopita na spika yangu akaniita.

"Ni wewe ulienda huko Ngara kuchapisha?"

"Ndiyo, Afande."

Alikunja kiti kimoja zaidi. "Miaka thelathini na sita nimekaa na mama yako. Sijawahi kumwambia kitu mzuri. Sikujua inasemwa aje. Hiyo karatasi nimeiandika siku nne."

Nilikuwa nimebeba jibu hilo tangu dukani, na nikalitoa. Nilisema, "Ungemwambia hospitali. Alikuwa anasikia."

"Hospitali alikuwa anauliza wewe tu," baba akasema. "Kila jioni. Ulikuja? Ulikula? Ukipiga huko mjini, watu walikuja? Nikamjibu ndiyo, watu ni wengi. Saa ya kuona wagonjwa inaisha hivyo."

Aliokota kiti kingine. Spika ilikuwa ikinikata mabega. Nilikuwa nimezoea maneno ya kuumiza tu, na hayo yalikuwa yamekwisha. Sikumwomba msamaha. Nilichukua gari nikaenda Ngara, na usiku uleule tulikuwa na onyesho mjini, nikapiga vizuri sana.

Hiyo ni miaka minne sasa. Ninakwenda Uthiru Jumapili baada ya kanisa, na tunakula. Hanitukani, hata nywele hazitaji tena. Tunaongea juu ya mvua, juu ya mpangaji anayeanika nguo kwenye ua wa watu, juu ya bei ya mbolea. Dada anasema tumepatana, na mtu akituona mezani anaweza kumwamini.

Lakini akija mgeni, mtu wa zamani wa jeshini au jamaa wa mbali ambaye hakuwahi mazishi, na amwulize baba mkewe alikuwa mtu wa aina gani, baba hunyoosha kidole kwangu.

"Muulize huyu," husema. "Huyu ndiye hupanga nani anaongea."

Mgeni hunigeukia akingoja. Basi mimi husema. Husema alikuwa mpole, alipenda kuimba, alikuwa na vikombe vingi. Baba husikiliza akiwa ameinamisha kichwa, midomo ikicheza kidogo. Nikinyamaza ili amalizie, huokota kijiko chake akaendelea kula.